Texas: bastola kiunoni kwenye mikusanyiko ya watu, wapi unaingia nayo na wapi unaiacha

#1 Mzee wa Shabaha (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Msimu wa mechi, maonyesho na sherehe za jumuiya ukifika, swali kwenye magrupu ya Dallas, Houston na Austin huwa ni lile lile: "Texas si ruksa kubeba? Sasa nazuiwa mlangoni kwa nini?"

Ruksa ipo. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, sheria iliyopitishwa kwa jina la HB 1927 inamruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiye na katazo la kisheria juu yake, kubeba bastola bila leseni. Inaweza kufichwa, na ikionekana lazima iwe kwenye holsta, yaani mfuko wake wa kubebea. Ila sheria hiyo haikufuta orodha ya sehemu zilizokatazwa, wala haikumnyang'anya mwenye eneo haki ya kusema "hapa hapana". Wengi wamebaki na nusu ya kwanza ya habari.

Kwa mikusanyiko kuna jambo la kushika kabla ya mengine. Sheria ya Texas haina kifungu kinachokataza bastola kwenye "mkusanyiko". Haihesabu vichwa. Inachouliza ni hili ni jengo gani, leo liko mikononi mwa nani, ndani yake saa hii kinafanyika nini, na mlangoni pameandikwa nini. Ukumbi mmoja unaweza kuwa halali Ijumaa na ukawa kosa la jinai Jumanne, kwa kuwa Jumanne wamegeuza chumba kimoja kuwa kituo cha kura.

Orodha yenyewe iko Kifungu 46.03 cha Sheria ya Adhabu ya Texas. Inayogusa mikusanyiko ni hii: shule na shughuli zinazoendeshwa na shule, kituo cha kura siku ya uchaguzi na kipindi chote cha kura za mapema, mahakama na ofisi zake, uwanja wa mbio za farasi au mbwa wenye kamari, eneo la uwanja wa ndege lililo nyuma ya ukaguzi, baa, yaani biashara inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa kuuza pombe inayonywewa hapo hapo, jengo ambamo mchezo wa shule ya sekondari, wa chuo au wa kulipwa unachezwa, hospitali na nyumba za kulelea wagonjwa, bustani kubwa za michezo ya bembea, na chumba cha kikao cha wazi cha serikali kilichotangazwa.

Hapa mwenye leseni na asiye na leseni wako sawa, isipokuwa vyuoni, nitafika huko. Nyingi kati ya hizo ni jinai nzito ya daraja la tatu, miaka 2 hadi 10. Michezo, hospitali na bustani za bembea ni kosa la daraja A: hadi mwaka 1 jela, faini hadi dola 4,000, au vyote viwili.

Na mara nyingi sheria ikitaja sehemu hizi inamaanisha jengo au sehemu ya jengo. Barabara ya kuingilia, njia ya waenda kwa miguu na maegesho havimo. Ndiyo maana bastola yako inaweza kuwa halali kwenye gari nje ya uwanja, na ikawa kosa hatua chache baada ya geti.

Ulizeni. Najibu Texas tu. Jimbo lingine nitasema nikifika.

#2 Kipa wa Irving

Mkuu hapo kwenye michezo. Ligi yetu ya jumuiya tunakodi uwanja wa shule kila Jumamosi. Sisi si sekondari, si chuo, wala hatulipwi. Tupo salama?

#3 Mzee wa Shabaha

Swali zuri, na jibu lina vyumba vitatu.

Kifungu cha michezo hakiwahusu. Ligi ya mtaani haimo.

Kifungu cha shule ndicho cha kuangalia. Kinakataza ndani ya majengo ya shule wakati wowote, na kwenye viwanja vya shule pale shughuli inapoendeshwa na shule yenyewe. Mechi yenu haiendeshwi na shule, kwa hiyo nyasi pekee kwa sheria ya jimbo si tatizo. Tatizo ni choo. Anayetoka uwanjani kwenda kujisaidia ndani ya jengo la shule na bastola kiunoni ameshavunja 46.03, iwe Jumamosi iwe sikukuu, leseni anayo au hana.

Chumba cha tatu ni serikali ya shirikisho. Kuna sheria ya maeneo ya shule, 18 U.S.C. 922(q), inayokataza bunduki kwenye viwanja vya shule na umbali wa futi 1,000 kuzunguka mipaka yake. Hiyo ni kama mita 300. Adhabu inafika miaka 5. Anasamehewa aliyepewa leseni na jimbo lenye shule hiyo. Anayebeba "bila leseni" kwa mujibu wa HB 1927 hana msamaha huo, labda awe kwenye ardhi ya mtu binafsi au bastola iwe haina risasi na imefungwa kwenye kasha lenye kufuli. Futi 1,000 mjini ni karibu kila mtaa. Angalia ramani ya Houston uone shule zilivyopangana.

Ndiyo maana nasema kila siku: leseni ya Texas haijafa mwaka 2021, imebadilika kazi tu.

#4 bintiMvita

Leseni inapatikanaje siku hizi, na inachukua nini?

#5 Holsta ya Ngozi

Nijibu mimi, bintiMvita. Inaitwa LTC, inatolewa na idara ya usalama wa umma ya jimbo, DPS.

Unajaza maombi kwenye tovuti ya DPS na kulipa dola 40. Unachukuliwa alama za vidole kwa miadi. Darasa ni saa 4 hadi 6, na sehemu ya nadharia inaruhusiwa kusomwa mtandaoni. Shabaha ni lazima ana kwa ana: risasi 50, ambapo 20 ni yadi 3, 20 yadi 7, na 10 yadi 15. Alama za juu kabisa ni 250, kufaulu ni 175. Leseni ya kwanza hudumu takribani miaka 4, ukihuisha ni 5.

Watu wanaofeli huwa hawafeli yadi 15. Wanapoteza alama yadi 7 kwa sababu ya muda: anavuta kifyatulio kwa pupa, mdomo wa bastola unashuka, risasi zote zinakwenda chini kushoto kama anatumia mkono wa kulia. Fanya mazoezi ya kuvuta bila risasi nyumbani, chemba umeikagua mara mbili na risasi ziko chumba kingine, mpaka kifyatulio kiende nyuma bila bastola kutikisika. Na nenda na bastola unayoijua. Usiazime ya rafiki asubuhi ya mtihani.

#6 Kasuku wa Plano

Mabango sasa. Kuna sehemu nimeona picha ya bastola imepigwa mstari mwekundu tu. Nasikia halina nguvu, ni stika.

#7 Mzee wa Shabaha

Inategemea wewe ni nani, Kasuku. Hapa ndipo watu wanapotumbukia.

Kifungu 30.06 kinamhusu mwenye leseni anayeficha. 30.07 kinamhusu mwenye leseni anayebeba kwa kuonekana. 30.05 ni kosa la jumla la kuingia kwa jinai, nacho ndicho kinachomkamata asiye na leseni.

Bango la 30.06 na la 30.07 yana masharti magumu: maneno yale yale ya kwenye sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, rangi zinazotofautiana, herufi kubwa zisizopungua inchi 1, mahali panapoonekana wazi na watu. La 30.07 linatakiwa kila mlango wa kuingilia. Picha yenye mstari haitimizi hayo, hivyo kwa mwenye leseni si taarifa ya 30.06. Kwa asiye na leseni usijipe matumaini: 30.05 inataka tu bango ambalo mtu wa kawaida angeliona. Kubishana kuhusu stika mbele ya hakimu ni gharama kubwa kuliko kurudisha bastola kwenye gari.

Mambo mawili ambayo hata wanaobeba miaka mingi hawayajui:

Taarifa si lazima iwe bango. Inaweza kuwa kadi au karatasi yenye maneno ya sheria neno kwa neno. Tiketi ya tamasha inaweza kubeba hayo maneno mgongoni. Soma tiketi yako, pamoja na ile ya kwenye simu.

Mlango wenye 30.07 bila 30.06 unamaanisha mwenye leseni anaweza kuingia akiwa ameficha. Hapo shati fupi linakuwa suala la kisheria. Ukinyoosha mkono kuchukua sahani juu ya meza na mpini ukatokeza, umeonyesha mahali palipokatazwa kuonyesha. Vaa shati linalopita mkanda kwa kiganja kizima, au usibebe.

Adhabu: kupita bango ni kosa la daraja C, faini hadi dola 200. Ukiambiwa kwa mdomo "toka" ukabaki, linapanda hadi daraja A. Na hukumu ya daraja A au B inakufungia LTC kwa miaka 5. Mlinzi akikugusa bega akasema una silaha, ondoka, jibu ni "sawa" na miguu inaelekea mlangoni. Hata ukiwa na haki. Malalamiko yanaandikwa kesho yake ukiwa nyumbani.

#8 Kipa wa Irving

Hiyo ya mpini kutokeza imenifungua macho. Asante mzee.

#9 Mtoto wa Bukavu

Wandugu, tuongee kanisa. Makanisa yetu mengi hayana jengo, tunakodi. Na tuna vijana wa ulinzi. Sheria inasema nini?

#10 Holsta ya Ngozi

Kanisa, msikiti na hekalu viliondolewa kwenye utata tarehe 1 Septemba 2019 kwa sheria ya SB 535. Kabla ya hapo vilitajwa kwenye orodha ya makatazo. Leo nyumba ya ibada ni kama eneo lingine la mtu binafsi: unaweza kubeba mpaka uongozi useme hapana, kwa mdomo au kwa bango. Uongozi ukitaka kukataza, uweke mabango yote matatu: 30.05, 30.06 na 30.07. Wengine wanabandika moja wakidhani limefunika watu wote.

Kukodi ndiko kunakoharibu. Kanisa likisali kwenye ukumbi wa shule Jumapili, jengo linabaki kuwa la shule. Ibada hailigeuzi. Mwenye LTC na asiye nayo wote wako ndani ya 46.03. Likisali kwenye chumba cha hoteli, tazama mabango ya hoteli. Likisali kwenye jengo lake na kaunti ikaomba fellowship hall, ule ukumbi wa shughuli za kanisa, iwe kituo cha kura, basi kipindi hicho sehemu hiyo ni kituo cha kura, hata kwa mchungaji.

Vijana wa ulinzi: mwaka 2017 Texas ilipitisha SB 2065 inayowaruhusu waumini kujitolea kulinda nyumba ya ibada bila kuwa na leseni ya kampuni ya ulinzi. Kuna sharti ambalo linavunjwa kila Jumapili: asivae sare wala beji yenye neno "security", wala asijifanye anaonekana kama polisi. Zile fulana nyeusi zilizoandikwa SECURITY mgongoni kwa herufi za njano ndizo zinazomtoa mtu kwenye msamaha. Waandikieni "Ushers" au msiandike kitu.

Na msamaha huo ni wa nyumba ya ibada tu. Kamati ya harusi au ya sherehe ya uhuru inapowapanga vijana wenye bastola mlangoni pa ukumbi wa kukodi, hao wanafanya kazi ya ulinzi bila leseni ya ulinzi. Ajirini mlinzi aliyesajiliwa na DPS au polisi aliye nje ya zamu. Vijana wapeni kazi ya kupokea wageni na kupanga magari.

#11 Kasuku wa Plano

Ukumbi wa sherehe wenye baa ndani je? Hiyo 51%?

#12 Mzee wa Shabaha

Asilimia hiyo inahesabiwa kwa biashara yenye leseni ya pombe, si kwa sherehe yako. Usipige hesabu ya chupa. Tafuta bango lenye tarakimu 51% kubwa nyekundu, kawaida liko mlangoni au ukutani karibu na kaunta. Likiwepo, bastola haiingii, hata kama wewe unakunywa soda na hata kama umekuja kumchukua shemeji tu. Ni jinai nzito, si faini. Bango la buluu ni onyo kwa anayebeba kinyume cha sheria, hivyo migahawa ya nyama choma inayouza chakula kuliko bia kwa kawaida huwa na hilo.

Pombe yenyewe ni kosa lingine. Kubeba bastola ukiwa umelewa, nje ya kwako na nje ya gari lako, ni kosa hata mahali pasipo na bango lolote. Anayepanga kunywa anaiacha nyumbani. Kuiacha garini halafu kuliendesha hilo gari usiku ukiwa umechangamka ni kuongeza shitaka juu ya shitaka.

#13 Nahodha wa Galveston

Nataka mtu anieleze State Fair, yale maonyesho ya jimbo pale Dallas. Pale ni ardhi ya mji. Nilifikiri serikali haiwezi kumzuia mwenye leseni kwenye ardhi yake.

#14 Mzee wa Shabaha

Nahodha, hiyo ndiyo kesi ya kujifunzia somo zima.

Kanuni ni kama ulivyosema: bango la 30.06 au 30.07 halimfungi mwenye leseni kwenye mali ya serikali ambayo haimo kwenye 46.03. Tena Kifungu 411.209 cha Sheria ya Serikali kinaiadhibu halmashauri au idara inayomzuia mwenye leseni kimakosa: dola 1,000 hadi 1,500 kwa mara ya kwanza, dola 10,000 hadi 10,500 kwa marudio, na kila siku inahesabiwa peke yake. Malalamiko yanaanzia kwa idara yenyewe kwa barua, halafu kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Angalia, kifungu hicho kinamtaja mwenye leseni. Asiye na LTC hana ngao hiyo.

Sasa Fair Park ni mali ya mji wa Dallas, ila maonyesho yanaendeshwa na State Fair of Texas, shirika binafsi lisilo la faida lililokodi. Oktoba 2023 risasi zilipigwa ndani ya maonyesho, watu 3 wakajeruhiwa. Agosti 2024 waandaaji wakatangaza kuwa hakuna bunduki tena isipokuwa kwa maafisa wa polisi. Kabla ya hapo wenye leseni walikuwa wakiingia. Mwanasheria Mkuu Ken Paxton akaushitaki mji na shirika. Jaji wa wilaya akakataa kusimamisha katazo, mahakama ya rufaa haikuingilia, na tarehe 26 Septemba 2024, siku moja kabla ya milango kufunguliwa, Mahakama ya Juu ya Texas nayo ikakataa. Maonyesho yakaendelea bila bastola.

Msisome zaidi ya kilichoandikwa. Kukataa kusimamisha katazo si kusema kwamba kila mpangaji wa ardhi ya mji anaweza kuzuia. Mwaka 2016 ofisi hiyo hiyo ya Mwanasheria Mkuu ilitoa maoni yaliyokuwa yanawapa nafasi mashirika yaliyokodi, na 2024 katikati ya mvutano ikayaondoa. Kwa mtu anayetaka kula soseji ya maonyesho (corny dog) na familia, jibu la vitendo ni hili: mpangaji akishika geti, ana mashine za ukaguzi na amekataza, wewe huendi kuwa kesi ya majaribio.

Na wale wanaosema "State Fair ni bustani ya bembea, imekatazwa tangu zamani", hapana. Bustani ya bembea kwa sheria ni ya kudumu, iko kaunti yenye watu zaidi ya milioni 1, ina ekari 75 au zaidi, imezungushiwa uzio na inafunguliwa zaidi ya siku 120 kwa mwaka. Maonyesho ya Dallas ni siku 24. Six Flags ya Arlington ndiyo inaingia humo.

#15 bintiMvita

Tamasha la muziki kwenye uwanja wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, lipo kundi gani?

#16 Holsta ya Ngozi

Muziki si mchezo, 46.03 ya michezo haigusi. Lakini viwanja hivyo vyote vina masharti yao na ukaguzi, hivyo unarudi kwenye mabango na tiketi. Mechi yenyewe ni katazo la moja kwa moja, na hakuna leseni inayoliondoa.

Chuoni: tangu 1 Agosti 2016 mwenye LTC anaruhusiwa kubeba kwa kuficha kwenye vyuo vikuu vya umma, na vyuo vya jumuiya vikafuata 2017. Kuonyesha ni marufuku. Vyuo binafsi vinaweza kujitoa, na vingi vimejitoa. Siku ya mechi, jengo la uwanja linafungwa kwa bastola hata kama kampasi nzima iko wazi. Mahafali nayo, soma ramani ya chuo ya maeneo yaliyotengwa kabla hujavaa.

#17 Jicho la Pwani

Ndugu zangu mmejaza mabango na mabaa, lakini wasomaji wengi wa uzi huu wana swali linalotangulia yote: hadhi ya uhamiaji. Naomba hapa tusichekeane.

Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya mwanafunzi F-1, ya kazi H-1B au ya matembezi B-2, kwa kawaida hatakiwi kushika bunduki kabisa. Ni 18 U.S.C. 922(g)(5). Si kununua tu: kushika, hata shabaha ya dakika kumi na rafiki. Kuna misamaha michache, unaotumika zaidi ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Asiye na kibali cha kukaa naye hawezi. Adhabu tangu 2022 ni hadi miaka 15. HB 1927 ya Texas haibadilishi hata nukta ya hilo, kwa sababu yenyewe inasema "asiyekatazwa", na sheria ya shirikisho ndiyo inayomkataza.

Mwenye grinikadi anaruhusiwa kununua, kubeba na kuomba LTC. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi hayuko kwenye katazo la viza. Aliyeingia kwa viza na sasa anasubiri hifadhi, kadi ya kazi mkononi haimtoshi kujiona yuko huru. Huyo aende kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda dukani, kwa sababu fomu 4473 anayojaza pale dukani ni kiapo, na uongo humo ni kosa peke yake.

Na kwa asiye raia, grinikadi ikiwemo, hukumu ya kosa la bunduki inaweza kukufanya ufukuzwe nchini. Raia akipita bango la 51% anakabiliwa na jela. Wewe unakabiliwa na jela na ndege. Hesabu yako ya "nijaribu tu" haiwezi kuwa sawa na ya jirani yako.

Bangi pia. Majimbo kadhaa yameruhusu, shirikisho bado linamkataza mtumiaji kumiliki bunduki.

#18 Mtoto wa Bukavu

Jicho la Pwani, hii post ilitakiwa iwe ya kwanza.

#19 Mzee wa Shabaha

Nakubaliana, nimeiomba menejimenti iibandike juu.

#20 Kipa wa Irving

Basi tuseme nimefika, nimeona bango, nairudisha garini. Naiwekaje?

#21 Holsta ya Ngozi

Mahali ambapo bastola hulia bila kukusudiwa ni kwenye maegesho, mtu akiitoa na kuirudisha kiunoni mara tano kwa siku. Hivyo punguza mikono.

Nunua kasha dogo la chuma lenye kufuli na waya wa kulizungushia chuma cha kiti. Lifunge chini ya kiti au kwenye buti kabla hujatoka nyumbani. Maamuzi fanya kabla ya kufika: simama kituo cha mafuta au mtaa mwingine, maliza kila kitu, ndipo uingie kwenye maegesho ya shughuli. Mwizi wa magari anakaa kwenye maegesho ya matamasha akiangalia nani anainama kwa sekunde thelathini kisha anashuka shati likiwa limelegea.

Toa holsta pamoja na bastola ndani yake, kama kitu kimoja. Kifyatulio kinabaki kimefunikwa. Usianze kutoa magazini na kuvuta slaidi kwenye kiti cha dereva, kwa sababu anayesahau kuwa risasi ya chemba haitoki na magazini ndiye anayetoboa mlango wa gari. Kama holsta yako haitoki bila kuvua mkanda, hiyo ni holsta ya kubeba siku nzima, haifai siku ya mizunguko. Chagua ya plastiki ngumu yenye klipu, inayofunika kifyatulio chote na isiyojikunja bastola ikitoka. Zile za kitambaa laini zinajikunja, na ukirudisha bastola ukingo unaingia kwenye kifyatulio.

Ndani ya gari lako bastola lazima isionekane, au iwe kwenye holsta. Kwenye dashibodi ikiwa wazi ni kosa. Kukiwa na mtoto chini ya miaka 17 na akaifikia ikiwa na risasi, Kifungu 46.13 kinakuhusu.

Kuna sehemu ambako hata kuiacha garini hakusaidii: posta. Kanuni ya shirikisho inagusa hadi maegesho yake, na imekuwa ikipingwa mahakamani. Kambi za jeshi zina kanuni zao getini.

#22 Nahodha wa Galveston

Polisi akinisimamisha kwenye umati?

#23 Mzee wa Shabaha

Mikono ionekane, usiiguse bastola kuonyesha ilipo. Akikuomba kitambulisho nawe una LTC na umebeba, unatoa vyote viwili pamoja. Sema kwa maneno, "nina leseni, iko kiunoni kulia," kisha subiri maelekezo yake.

Na kuonyesha ili kutisha, hata kufunua shati tu kwenye ugomvi wa foleni, ni kosa la kuvuruga amani. Kubeba kwa kuonekana kwenye umati mimi sishauri kabisa, halali au si halali. Watu wanakusukuma kwa nyuma, na holsta nyingi za bei rahisi hazina kufuli la kidole gumba. Anayeipora hahitaji nguvu.

#24 Kasuku wa Plano

Tukivuka mpaka? Kuna wanaoenda New Orleans, wengine Chicago.

#25 Jicho la Pwani

Ukivuka unaanza upya. Louisiana tangu 4 Julai 2024 inaruhusu kubeba kwa kuficha bila kibali, ila leseni yao haikupi ruhusa kwenye gwaride au maandamano yenye kibali cha serikali, na New Orleans ni gwaride tangu Januari. Illinois haitambui LTC ya Texas kwa kubeba mtaani, na hata wenye leseni yao wamekatazwa kwenye mikusanyiko yenye kibali, mbuga za umma na mabasi. North Carolina ina kifungu cha gwaride, maandamano na msafara wa mazishi. New York baada ya kesi ya Bruen ya 2022, ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu kubeba bunduki, iliandika orodha ndefu ya maeneo nyeti, Times Square ikiwemo, na kesi zake ziliendelea kwa miaka. Kupita tu jimbo ambalo hubebi, sheria ya shirikisho inakulinda ikiwa unatoka na kufika mahali unaporuhusiwa, na bastola haina risasi, imefungwa, huifikii ukiwa kwenye kiti.

#26 bintiMvita

La mwisho kwangu. Uwanja wa ndege, mtu akisahau kwenye begi.

#27 Holsta ya Ngozi

Texas ina kipengele: mwenye LTC akigundulika na bastola kwenye ukaguzi na akaondoka mara moja alipoambiwa, hakamatwi kwa kosa la jimbo. Faini ya TSA, wakaguzi wa shirikisho wa viwanja vya ndege, inabaki palepale na ni maelfu ya dola. Kusafiri nayo kihalali ni kwenye mzigo wa chini: bila risasi, kasha gumu lenye kufuli, na unaitangaza kaunta kabla begi halijaingia kwenye mkanda.

Kwa safari za Nairobi na Dar sahau kabisa kuipeleka kama mzigo wa kawaida. Na zaidi ya bastola, ogopa risasi moja iliyobaki kwenye mfuko wa pembeni. Kenya na Tanzania zote zinadai kibali hata cha risasi peke yake, na ganda tupu nalo linakuweka kwenye chumba cha maswali JKIA huku ndege ya Mombasa ikiondoka. Begi la shabaha liwe la shabaha tu. Kama huna lingine, ligeuze ndani nje, kung'uta, pitisha kidole kwenye kila mshono na chini ya ubao wa kitako. Huko ndiko zinakojificha, hasa za .22.